Alama ya Vema ya Marlys Tveit

Marlys Tveit alikuwa mwoga, na mji mzima wa Halvdal ulijua. Wako waoga wanaojitia ushujaa mbele za watu, kisha wakatetemeka chumbani. Marlys hakuwa wa aina hiyo. Yeye aliogopa hadharani, kwa sauti, bila haya. Aliogopa ngazi, uyoga wa porini, mbwa wasiobweka na mawingu ya upande wa magharibi. Mwaka mmoja aliwafanya waahirishe gwaride la Julai kwa ajili ya wingu moja jeusi, na wingu lenyewe likapita zake bila kudondosha hata tone. Tangu hapo, kila aliyetaka kumtania alitazama juu kwanza, halafu akamuuliza kama atoke na mwavuli.

Hata hivyo mwoga naye ana kazi yake duniani, na ya Marlys ilikuwa mtandaoni. Alipostaafu upishi wa shule alibaki na meza ya jikoni, birika la kahawa na simu, akawa msimamizi wa kundi lililoitwa Twende Wapi. Humo watu wa Halvdal na vijiji vya jirani waliambiana habari za shughuli za wikendi: mashindano ya uvuvi, karamu za samaki kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, minada, maonyesho ya matrekta ya kale. Aliyekwenda alirudi akaandika ilikuwaje, na ambaye hajaenda alisoma akaamua. Mwanzoni lilikuwa kundi la watu wanaojuana hadi rangi ya makochi yao. Kisha likakua, na lilipokua wakalinusa watu wa matangazo.

Hao Marlys aliwaogopa kuliko mbwa. Mtu aliyelipwa kusifu, alisema, ni sawa na mpishi anayekupakulia chakula ambacho mwenyewe hajaonja. Akajifunza kuwatambua, na wala haikuwa kazi ngumu, maana watu wa kwao hawajui kusifu. Mtu wa Halvdal akioa mwanamke anayempenda kufa, ukimuuliza harusi ilikuwaje, atakwambia si mbaya. Akila mpaka akafungua kifungo cha suruali, atasema si mbaya, ila viazi vilipoa. Kwa hiyo posti ikianza na "tukio la kipekee lisilosahaulika kwa familia nzima", Marlys hakuhitaji kufika mstari wa pili. Tena aliyekwenda kweli hulalamikia maegesho. Humjua aliyeshinda nyama kwenye bahati nasibu ya siku hiyo, na huudhika kwamba si yeye. Hataji jina zima la shughuli kama lilivyo kwenye bango, kwa sababu hakuna anayezungumza na jirani yake hivyo. Na akaunti yake haikuzaliwa juzi ikiwa na picha moja tu ya machweo.

Aliyepita mtihani huo aliwekewa na Marlys alama ya vema, ya kijani, chini ya maneno yake. Watu walimcheka kwa kila kitu, lakini bila alama ile hawakutia mafuta kwenye gari.

Basi mwaka huo ukaja msimu wa baridi usio na baridi. Desemba ilinyesha mvua. Maziwa ya eneo hilo yaliganda, yakayeyuka, yakaganda tena shingo upande. Orlin, mdogo wake Marlys, kapera wa miaka mingi anayeishi nyumba ya nne kutoka kwake, alitegemea kusafisha theluji kwenye njia za watu kwa pikapu yenye sepetu kubwa mbele. Theluji haikuja, naye akahamia kwenye kochi la dada yake, akatazama mpira na kumaliza biskuti. Alikuwa mtu wa kupendwa, Orlin. Hakuna aliyeweza kumkumbuka akiwa na adui.

Ndipo kampuni moja ya kutoka mjini, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, ikatangaza Tamasha la Barafu kwenye Ziwa Ostrander, mwendo wa saa moja na nusu kuelekea kaskazini. Lingekuwa la wikendi tatu mfululizo: uvuvi kupitia matundu ya barafu, zawadi, samaki wa kukaanga, watoto bure. Ostrander halikuwa ziwa lao, na watu wa Halvdal hawakulijua. Wikendi ya kwanza ilipopita, sifa zikaanza kumiminika kwenye kundi. Za mwanzo zilikuwa takataka tupu, kumbukumbu za maisha na tabasamu za watoto, na Marlys alizifuta kabla kahawa yake haijapoa. Halafu katikati ya juma zikaja tatu nyingine, na hizo zilikuwa na harufu ya mtu.

"Si mbaya," aliandika mmoja aliyejiita Gordy wa Kaskazini. "Foleni ya choo ndefu, kahawa kama maji ya kuoshea vikombe. Pikapu yangu niliegesha palepale barafuni karibu na hema la chakula, haikunung'unika." Wa pili alisema samaki walikuwa wadogo, barafu ilikuwa na unene wa inchi kumi na mbili, wa kubeba gari, alipotoboa yeye, na labda atarudi, labda hatarudi. Wa tatu alikubali kwamba chakula kililika, isipokuwa achari ya matango walikata marefu badala ya mviringo, na tango refu linachuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Marlys alicheka peke yake jikoni. Hakuna kampuni duniani inayojua kununa namna hiyo. Akaweka vema, akaweka vema, akaweka vema.

Watu wa Halvdal hawaamini kibao cha onyo. Hawaamini kampuni, wala serikali, wala mtabiri wa hali ya hewa. Ila jirani akiwaambia niliegesha pale, wataendesha gari juu ya maji yaliyoganda wakiwa na watoto ndani, kisha atakayewaona ataegesha ubavuni mwao, na mwingine ubavuni mwake. Hivyo ndivyo walivyoishi na maziwa yao tangu magari yalipofika, na mara nyingi imewatosha.

Jumamosi asubuhi Kari, binti yake Marlys, alipiga simu wakiwa tayari ndani ya gari. Alikuwa na mumewe Brody na watoto wawili, Annika na mdogo wake Soren.

"Ndio tunatoka, Mama. Usituandalie chakula cha mchana, tutakula samaki."

"Ostrander?"

"Si umepiga vema tatu. Brody anasema kama hata wewe umekubali, basi hiyo barafu treni inapita."

"Mwambie Brody aache mdomo," Marlys alisema, lakini alifurahi. Haikuwa kila siku kwamba mtu alitoka nyumbani kwa ujasiri alioutoa yeye.

Akafanya kazi zake. Alipanga nguo, akaweka tambi na nyama ya kusaga ndani ya oveni kwa ajili ya Orlin, ambaye angekuja tu kama kawaida yake. Akatoa chupa ya achari aliyoinunua jana, akafungua kifuniko, akaona matango yamekatwa marefu. Moyoni akasema, haya, leo nitasikia. Tangu ujana wake Orlin hakuwahi kukaa kwenye karamu ya kanisa akapewa tango refu bila kusema neno lake lilelile, kwamba linachuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Alisimama na kifuniko mkononi. Jumamosi iliyopita Orlin alikuwa kwenye kochi lile pale, soksi juu ya mto, kutoka asubuhi mpaka taa zilipowashwa.

Alimpigia Kari. Haikupatikana. Barabara ya kwenda Ostrander hupita katikati ya msitu, na ndani ya msitu ule simu hufa. Akapiga tena, na tena. Akampigia Orlin, akamwambia neno moja tu: njoo.

Wakati akimsubiri, aliona kitu ambacho hakutaka kukiona. Aliona kiti cha nyuma cha gari la baba yake, yeye akiwa mdogo, wakivuka ziwa kwenda kwenye kibanda cha uvuvi. Baba alikuwa na kanuni zake za barafuni: dirisha wazi hata kama upepo unachuna uso, mkanda usifungwe, mlango ushikwe kwa mkono, ili gari likizama uwe na njia ya kutoka. Barafu ilinguruma chini yao, na baba akasema hiyo ni sauti yake ya kawaida, inajinyoosha. Marlys alishika kitasa mpaka vidole vikafa ganzi. Sasa alimwona Soren kwenye kiti chake cha mtoto. Mikanda ya kile kiti ilikuwa migumu. Bibi mwenyewe huifungua kwa mikono miwili, huku akilaani.

Orlin aliingia bila kugonga, kofia kichwani.

"Kuna nini? Umesikia tena harufu ya gesi?"

"Wewe ndiye Gordy?"

"Gordy gani?"

"Usinizungushe, Orlin. Tango refu."

Orlin alitazama meza, akaona chupa. Akavua kofia, halafu akaivaa tena.

"Yule wa tango si Gordy," alisema. "Ni mwingine."

"Na Gordy?"

"Ni mimi pia."

"Na yule wa samaki wadogo?"

"Wote. Walitaka watano, nikawaambia watano watashtukiwa, dada yangu ana pua." Alijaribu kucheka, kicheko kikamkwama. "Dada, ni maneno tu. Kila mtu anafanya. Waliona zile nyingine umezifuta, wakatafuta mtu wa huku anayejua kuandika kama watu. Theluji hakuna. Nile nini?"

"Ulikuwa unakula hapa."

Orlin aliisogeza chupa ya achari pembeni.

"Nani alipima barafu?" Marlys aliuliza.

"Inchi kumi na mbili."

"Sijakuuliza ngapi. Nimekuuliza nani."

"Jamaa wa kwenye simu. Trevor."

"Trevor alitoboa?"

"Trevor yuko Arizona, dada, huko jangwani."

Marlys aliketi. Alitaka kupiga kelele lakini sauti haikuja. Ikaja nyingine, ndogo, ambayo Orlin hakuwahi kuisikia tangu walipokuwa watoto.

"Kari ameshaondoka. Na watoto. Wamekwenda kwa sababu ya vema zangu."

Orlin alikuwa mtu wa maskhara mpaka msibani, lakini hapo uso wake ulibadilika ukawa wa kijivu. Alitoa simu akampigia Kari, kisha Brody, kisha Kari tena. Akafika mlangoni, funguo mkononi. "Nawafuata."

"Saa moja na nusu, Orlin. Wao wameshamaliza saa nzima. Utafika kufanya nini?"

Akabaki na funguo mkononi, amesimama katikati ya jiko, jitu zima halijui liweke wapi miguu.

Marlys aliwapigia simu polisi wa wilaya ya huko Ostrander. Mwanamke aliyepokea hakuwa mkorofi. Alisema wao hawafungi maziwa, kila anayeingia barafuni anaingia kwa hiari yake, na watu wa tamasha walisema wamepima.

"Waliopima ni kina nani?" Marlys aliuliza.

"Mimi sijui, mama. Mimi napokea simu."

Basi likabaki kundi. Ikiwa Kari angepata mtandao hata kidogo, angechungulia humo. Kila mtu huchungulia. Na hakuwa Kari peke yake. LaVonne wa duka la vitambaa alikuwa amekwenda na wajukuu. Nusu ya kwaya ilikuwa njiani. Marlys aliondoa zile vema tatu, akaandika: "Msiingie barafuni Ostrander. Nimegundua posti zile tatu zililipiwa. Hakuna aliyepima. Tafadhali rudini."

Majibu hayakuchelewa, na laiti yangechelewa.

"Marlys ameanza," aliandika mmoja.

"Umeona wingu?" akauliza mwingine.

"Kunywa kahawa, shoga, wiki nzima umetuambia ni za kweli." Huyo alikuwa LaVonne mwenyewe, akiwa amekaa pembeni ya dereva, na aliweka chini yake sura ya kucheka machozi. Wengine nao wakacheka. Mtu aliuliza zililipiwa na nani na amejuaje, na mwingine akamjibu kwamba Marlys huota.

Marlys alisoma yote. Miaka yote ile alipiga kelele kwa kila kitu, kwa mbwa na kwa ngazi, na sasa kelele yake haikuwa na uzito wowote. Wangeweza kuisoma wakiwa juu ya barafu na kucheka.

"Waambie ni mtu mmoja ameandika zote," Orlin alisema. Alikuwa akisoma juu ya bega lake.

"Watauliza nani."

"Sema mtu. Mtu fulani."

"Mtu fulani hamrudishi Brody nyumbani."

Orlin alielewa kabla Marlys hajaandika. Alivuta kiti akakaa mbele yake, na uso wake mpana ambao kila mtu aliupenda ukawa wa mtoto anayengoja kuchapwa.

"Dada. Nitaishi vipi hapa? Nikienda kanisani watahama benchi. Nani ataniita nimsafishie njia yake?"

"Najua."

"Andika herufi ya kwanza tu. Andika jamaa yangu."

"Wana watoto ndani ya magari, Orlin."

"Labda ni inchi kumi na mbili kweli."

"Labda."

Alimtazama. Alimlea huyu; mama yao alipougua, ni yeye aliyemfunga viatu na kumpeleka shule akimshika kola. Akatamani mtu mwingine yeyote awe ndiye aliyeziandika. Kisha akaandika: "Aliyeandika zote tatu ni ndugu yangu Orlin Tveit. Alilipwa. Siku hiyo hakuwa Ostrander, alikuwa kwangu. Barafu hakuigusa."

Akatuma, akaiweka simu mezani kati yao.

Kundi lilinyamaza. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeuliza, na namba ya waliosoma ilizidi kupanda. Orlin aliitazama ikipanda. Oveni ilianza kunukia na hakuna aliyenyanyuka. Marlys aliomba. Aliomba kama alivyoomba utotoni ndani ya gari la baba, bila mpangilio: wasifike, tairi lipasuke, Soren atapike, Brody apotee njia, barafu ibebe, ibebe tu, Mungu, leo tu. Kila gari lililopita nje lilimshtua. Akilini aliwaona wakishuka gatini kuingia barafuni polepole, Brody akifuata magari ya wengine, Annika amebandika pua kwenye kioo, na madirisha yote yamefungwa kwa sababu watoto wa siku hizi hawafundishwi. Aliona maji meusi yakiingia kwenye kiti cha nyuma. Akainuka, akakaa, akainuka.

Simu ilipolia alishindwa kuishika. Orlin ndiye aliyebonyeza na kuweka sauti nje.

"Mama?"

Marlys alilia.

"Mama, tuko salama. Tuko kituo cha mafuta, kabla ya kufika ziwani. Tulisimama kununua chambo, simu ikaamka ikaanza kupiga kelele, nikasoma."

"Hamjashuka?"

"Hatujashuka. Ile ya kwanza Brody alicheka, nisikufiche. Akasema bibi leo kaamka na wingu. Tulikuwa tumeshawasha gari. Halafu ikaja ile ya mjomba." Kari alishusha sauti. "Nikamwambia Brody, Mama hawezi kumtaja mjomba kwa mchezo. Zima gari. LaVonne naye yuko hapa, anageuza. Ni kweli, Mama? Mjomba ndiye?"

Marlys alimtazama Orlin. Orlin alikuwa ameziba macho kwa kiganja, mabega yakimtikisika, na hakujulikana kama ni kwa furaha au kwa lile swali.

"Ni kweli. Rudini nyumbani," Marlys alisema. "Chakula kipo."

Simu ilipokatika wote wawili walibaki wakipumua. Marlys alitoa chakula ndani ya oveni, kimeungua pembeni, akakata vipande viwili, akaweka kimoja mbele ya ndugu yake. Kwa muda ule walikuwa tena dada na kaka, na watoto walikuwa hai. Orlin akasema asante. Hakula.

Kisha picha zikaanza kuingia. Hazikuwa za watu wa Halvdal, ambao karibu wote waligeuza. Zilitoka kwa wageni wa miji mingine waliokuwa kulekule Ostrander, na mtu akazileta kwenye kundi bila kuongeza neno. Ziwa jeupe chini ya jua. Mahema. Magari yamepangwa mistari, mengi, mazito, pamoja na lori la kukaangia samaki. Mtoto wa kike ameinua samaki mdogo, meno ya mbele hana. Mwanamume mmoja anachimba kwa keekee, na mwingine ameshikilia rula kwenye tundu anaonyesha, ingawa namba haikusomeka. Mchana ulisogea, na picha zikaendelea kuja, na katika kila moja watu walikuwa wanacheka.

Chini yake majibu nayo yakaanza. Mtu aliandika kwamba anaona barafu iko sawa. Mwingine akaandika kwamba iwe sawa isiwe sawa, Orlin Tveit asikanyage tena nyumbani kwake. Hilo lilipendwa na watu wengi.

Marlys alichukua simu. Aliikuza picha ya kwanza kwa vidole viwili, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia. Akaenda ya pili. Akakaa sana kwenye pikapu moja nyekundu, kwenye gurudumu la nyuma, mahali lilipokutana na barafu.

"Ilibeba," Orlin alisema kutoka upande wa pili wa meza.

"Mpaka sasa."

"Imebeba lori la samaki, dada."

Marlys aliendelea kukuza. Palikuwa na kivuli chini ya gurudumu, au hapakuwa. Akarudi kwenye ile ya mtoto mwenye samaki, akatazama nyuma ya viatu vyake.

"Unatafuta nini?"

"Si kitu."

"Umelitazama tairi la huyo bwana muda mrefu."

"Natazama tu."

Orlin alikunja mikono mezani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha dada yake. "Unatafuta maji," alisema.

Alitaka kukataa, na neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini kidole chake bado kilikuwa juu ya kioo. Asubuhi nzima alikuwa amemwomba Mungu barafu ile isipasuke, na Mungu alisikia, na Kari alikuwa njiani kurudi. Na sasa alikuwa anatafuta ufa. Hata mdogo. Mstari wa maji kando ya gurudumu, pua ya gari moja iliyoinama, kitu chochote cha kuwaonyesha watu kwamba hakumwanika ndugu yake bure. Alitafuta chini ya miguu ya mtoto asiye na meno ya mbele. Alipojiona anavyofanya, hofu ilimshika upya, na safari hii haikuwa ya ziwa.

"Ndiyo," alisema. "Natafuta maji."

Orlin aliitikia kwa kichwa, taratibu. Alirudisha kipande chake kwenye chombo, akaosha sahani, akaifuta, akairudisha kabatini mahali pake. Nje pikapu ya Brody ilikuwa inaingia uani, na sauti ya Annika ilisikika kabla injini haijazimwa.

"Baki," Marlys alimwambia. "Ni watoto tu."

"Na Kari. Na Brody."

"Orlin."

"Siku nyingine, dada."

Akachukua koti lake akatokea mlango wa nyuma, akashika njia ya nyuma ya mabanda ambako hakuna mtu angemwona. Watoto waliingia na baridi yao na buti zao. Marlys alimbeba Soren, akambana mpaka mtoto akalalamika. Annika alizunguka sebule, akatazama kochini, akatazama chooni, akarudi jikoni na kuuliza mbona gari la mjomba liko nje na mwenyewe hayupo.

Kari alimtazama mama yake. Marlys alimtua Soren, akapiga magoti amfungulie Annika koti, akatafuta zipu, na kwa machozi hakuiona.